Herufi Iliyobaki Kwenye Kipeo

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi hapa Songea, mwanangu, nikiwa kidato cha sita. Mwalimu Haule, aliyetufundisha hesabu, alikuwa amerudi darasani baada ya kumzika mkewe. Tulidhani atatupa kazi na kukaa tu. Akaandika ubaoni swali la maji ya moto yanayopoa: kasi yake ya kupoa ni hii, je, yatafika nyuzi arobaini baada ya muda gani?

Akaniita mimi. Nilikuwa naziweza hesabu hizo. Nikaandika mlinganyo wa ile kasi, nikautatua, nikapata joto likiwa upande mmoja, na t, yaani muda wenyewe, imekaa juu kwenye kipeo upande wa pili. Nikaweka chaki chini.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mwalimu. Suluhisho ndilo hilo."

"Ni sahihi. Lakini umeulizwa muda, binti. Uko wapi?"

Akaniongoza taratibu: toa kwanza joto la chumba, gawanya, chukua logi pande zote, t ikashuka kutoka kwenye kipeo, gawanya tena. Ikabaki peke yake. Akaitazama kitambo, kisha akasema kama anayeongea na ukuta:

"Mke wangu kule hospitali ya Peramiho aliniuliza, 'Baba Neema, narudi lini nyumbani?' Nilikuwa najua harudi. Nikamweleza habari za dawa, za madaktari, za mahindi shambani. Yote kweli tupu. Ila jibu lake sikumpa. Amekwenda akilisubiri."

Yeye hakulia. Tuliolia ni sisi.

Miaka ikapita, baba yangu mzazi naye akaugua, akawa mtu wa kitandani. Siku aliponiuliza, "Mwanangu, nitapona?" nilitamani sana kumzungusha. Nikamwambia, "Hapana, baba. Lakini sibanduki hapa." Akanishika mkono, halafu akaomba aitwe mdogo wake aliyehamia Tunduru, ambaye walikuwa hawasemezani. Akaja. Walizungumza mpaka jua likazama. Mimi bado naumia kwa kumwambia vile. Sijui kama ipo namna ya kulisema neno hilo bila kuumia.

Basi, mwanangu, anayekupenda akikuuliza jambo, usimjaze maneno ya kweli yasiyo jibu. Mpe alichouliza, kwa upole, kisha usiondoke. Mungu akupe ulimi laini na moyo wa kubaki, na siku ya kuuliza kwako ikifika, akuwekee karibu mtu wa kukujibu.