Reli Juu ya Sinia la Pilau

Mwezi uliopita nilipita Barani, Malindi, pale palipokuwa na nyumba ya bibi yangu. Ua umekwisha, pamejengwa vyumba vya kupangisha, na ndani ya chumba kimojawapo mtu alikuwa akikaanga vitunguu vya pilau. Harufu ile, rafiki yangu, ikanirudisha darasa la tano, siku nilipojenga reli.

Malindi haina reli, na mimi sikuwa nimeona gari la moshi hata moja. Lakini mwalimu alitaka kila mtoto alete mfano wa chombo cha usafiri siku ya wazazi, na wenzangu wote walikuwa wakichonga mitumbwi. Mimi nilikuwa na jirani. Alikuwa mzee wa kutoka bara, aliyekagua tiketi ndani ya gari la moshi miaka mingi hadi akastaafu. Nilipomweleza nia yangu, akavaa miwani kama mtu aliyeitwa tena kazini, akanipa baraza lake zima.

Vifaa vilitoka kwa Bibi, ila yeye hakuwa na habari. Vifuu vya nazi nilivifunika kwa magazeti yaliyoloweshwa uji wa ngano, vikawa vilima. Dodoki la kuogea nikalikatakata, likawa miti. Njiti za fagio zikawa reli, viberiti vikawa mabehewa. Yote hayo juu ya sinia kubwa la pilau, lililotandikwa magazeti, ambalo ukingo wake niliuzungushia leso kuukuu ya samawati, iwe bahari. Nyasi ndizo zilizonisumbua, mpaka nikaona kabatini kopo la unga laini wa kijani. Nikaumwaga wote bondeni.

Jirani akakagua, mikono nyuma.

"Choo cha stesheni kiko wapi?"

"Kwani lazima, mzee?"

"Binti yangu, abiria hawa wako safarini tangu alfajiri!"

Nikaweka choo, kifuniko cha dawa ya meno.

Ijumaa alasiri wanawake walijaa kwetu kumpaka hina shangazi, aliyekuwa aolewe kesho yake. Ghafla sauti ya Bibi ikafika barazani: "Nani kachukua hina yangu?" Bibi akatokea, akaona bonde langu, akashika kiuno.

"Na wewe mzee mzima, ukamwachia?"

"Nilidhani ni nyasi, mama," jirani akasema.

Sikupigwa. Bibi alikaa chini na kijiko na chekecheo, akalivuna bonde lote, huku akiuliza kama nilitaka shangazi aolewe mikono mitupu. Bahati sikuwa nimepaka gundi. Hina ikamshika shangazi vizuri sana. Mimi nikabaki na nchi kavu, nikalia mpaka nikapata kwikwi.

Jumamosi shuleni mwalimu akaizunguka kazi yangu. "Mbona hapana hata unyasi mmoja?"

Jirani, aliyekuja na kofia yake ya kazi, akasimama katikati ya wazazi.

"Mwalimu, hapo ni Taru, ile nyika kame inayokatwa na reli. Nimepita pale maisha yangu yote. Angeweka nyasi, ningesema mtoto huyu mwongo."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akatangaza kuwa mimi ndiye wa kwanza. Jirani, kwa furaha, akanyoosha mkono kuwaonyesha wazazi choo, kifungo cha koti kikanasa leso, bahari yote ikavutika. Ukingo wa sinia wenye maua ukaonekana. Bibi alikuwa amekimbilia pale mara moja tu na buibui lake, wali ukiwa jikoni.

"Sinia langu! Tangu asubuhi nalitafuta!"

"Mama, subiri kwanza tutoe tuzo," mwalimu akamsihi.

"Tuzo mpe mtoto. Sinia nipe mimi."

Vilima vikashushwa juu ya dawati, nikamfuata Bibi mbio, sinia kichwani na daftari la tuzo kwapani. Mchana pilau ikapakuliwa humo, na Bibi akawa anamwambia kila mgeni, "Kula, mwanangu. Asubuhi hapa palipita gari la moshi la mjukuu wangu."

Bibi hayupo tena. Jirani alirudi kwao nilipokuwa shule ya bweni, hatukuagana, na hadi leo sijui kama alisema kweli juu ya Taru au alinisitiri tu. Shangazi anakumbuka hina peke yake. Reli yenyewe hakuna aliyeipiga picha; sote tulikuwa na njaa.