Risasi Nne Mavumbini

Kwa wiki sita Nadine Hollomon alisimama jikoni kwake kila asubuhi kabla ya kwenda kazini maktabani, mkanda wa risasi kiunoni, akishindana na kidole gumba chake mwenyewe. Bunduki ya marisau ilikuwa ya marehemu mumewe, Garland. Risasi zilikuwa za kujifunzia, hazina baruti. Achomoe nne kwa mpigo, aipindue bunduki tumbo juu, asukume ndani mbili, kisha mbili. Kilango cha chuma cha kupitishia risasi kilimng'ata kucha hadi ikawa nyeusi. Wenye mikono myepesi walimaliza kwa sekunde mbili. Yeye alitumia saba, na mara nyingine zote nne zilimwagika sakafuni.

Kilichomnyima usingizi si kucha. Baada ya matanga, Delmer, mdogo wa marehemu, alikuja kuidai bunduki.

"Shemeji, chombo kama kile hakiozei kabatini," alisema, akijipakulia maharage na mkate wa mahindi bila kukaribishwa. "Kaka kashindana nacho kulenga shabaha miaka ishirini, hajatolewa uwanjani hata siku moja. Jina letu hilo."

"Na langu pia," Nadine alijibu. "Nitashindana nacho mimi."

Delmer alicheka hadi akapaliwa. "Haya. Maliza mashindano ya Juni bila kutolewa, ni yako. Ukitolewa, naichukua palepale, watu wakiona."

Alijua alichokisema. Wageni wa mchezo ule hutolewa kwa kuhatarisha watu wakati wa kujaza risasi: macho yako kwenye vidole, mtutu unageuka nyuma waliko watu. Hapo hakuna onyo.

Mwalimu wake alikuwa Twyla, dereva wa basi la shule, bingwa wa wilaya. Jumapili moja baada ya kanisa alikuja kumtazama. Risasi zikaanguka, Nadine akainama kuziokota, mtutu ukageukia nyuma.

"Mama, umeniua," Twyla alisema taratibu, kikombe cha kahawa mkononi. "Mimi na friji."

"Zimeanguka."

"Ziache."

"Siachi vitu sakafuni, Twyla. Sikulelewa hivyo."

"Basi malezi yako mazuri ndiyo yatakayokutoa."

Uso ulimwaka. Tangu siku hiyo alizimwaga makusudi ili ajifunze kuziacha, lakini magoti yalikunjika yenyewe karibu kila mara. Aliota Delmer akiondoka na bunduki, na majirani wa Garland wakitazama chini kwa aibu.

Juni ikafika. Uwanja wa Oklahoma ulikuwa mkavu, upepo unavuma. Sahani kumi na sita za chuma za kuangusha, risasi nane ndani ya bunduki, kumi na mbili mkandani. Delmer alikuwa ameketi nyuma kwenye kiti cha kukunja.

Kipima muda kililia. Sahani nane zikalala. Akachomoa nne, na zote zikateleza, zikaviringika mavumbini kando ya kiatu chake.

"Okota, shemeji," sauti ikasema nyuma. "Okota, muda unakwenda."

Magoti yakaanza kukunjika. Mwamuzi akasogea karibu, macho kwenye mtutu. Nadine akakaza miguu, akaiacha ardhi na vilivyo juu yake, akachomoa nne nyingine. Mbili, kisha mbili. Akapiga, moja ikapita hewani. Akajaza nne za mwisho. Zilipokwisha, sahani moja ilikuwa bado imesimama, inang'aa kama inamcheka, na risasi nne zilikuwa pale chini.

Hakuinama. Akaifungua bunduki, akamwonyesha mwamuzi kuwa ni tupu.

"Umemaliza," mwamuzi alisema, akaandika muda. Ulikuwa wa mwisho kabisa kwenye orodha, lakini jina halikukatwa.

Delmer akaja mikono mfukoni. "Umeacha moja imesimama."

"Nimeiona."

"Kaka asingeiacha."

"Hapana, asingeiacha." Nadine alikuwa akijaribu kufunga kasha la bunduki, kifungo hakikubali. "Ulikuwa unanihimiza niokote, shemeji."

"Nilitaka kukusaidia."

"Basi nisaidie. Ziko pale nne."

Delmer alimtazama, kisha akawatazama watu, na hakukuwa na namna. Alipokuwa ameinama, Twyla alisogea akamfungia Nadine kasha.