Dawa Iliyomshusha Fundi Paani

Siku aliyogundulika ana presha, Paka hakwenda kliniki kwa ajili yake mwenyewe. Alimsindikiza mama mkwe wake, aliyekuwa akilalamika kisogo kinamgonga. Alipokuwa amekaa pale kwenye benchi, muuguzi akamwambia, "Na wewe fundi, lete mkono. Mashine haimli mtu."

Akacheka, akakunja shati. Mashine ikamkaba, ikamwachia, na muuguzi akasoma: mia moja sabini na mbili kwa mia na sita. Ilikuwa juu kuliko ya mama mkwe.

"Mimi nimesindikiza tu," akasema Paka, kana kwamba presha ingemwomba radhi iondoke.

Jina la Paka alipewa na mafundi wenzake, kwa jinsi alivyotembea juu ya mbao za paa bila kushika kitu, misumari mdomoni, nyundo kiunoni. Alikuwa ameezeka nusu ya nyumba za mtaani kwao. Mwili wake aliuchukulia kama ngazi: unaupanda, unaushuka, huuulizi habari.

Kliniki ilikuwa ikifanya utafiti, na daktari akawaeleza polepole. Kuna dawa mseto za aina mbili. Kila kidonge kina dawa mbili ndani yake, kwa kuwa kwa watu wengi dawa moja peke yake haitoshi. Aina zote mbili zinashusha presha. Kinachotafutwa ni ipi inawafaa watu zaidi. Wagonjwa wengine watapewa hii, wengine ile, vidonge vyote rangi moja, na hakuna atakayejua amepata ipi, si mgonjwa, si muuguzi. Mama mkwe akakubali palepale, maana alipenda kupimwa na kuulizwa hali. Paka akakubali kwa sababu aliona haya kukataa mbele ya mkwe.

Karaha ikaanza wiki ileile. Alimeza kidonge asubuhi, akapanda paani, na kabla hajagonga bati la pili kibofu kikamwita. Akashuka ngazi, akazunguka nyuma ya rundo la tofali, akapanda tena. Akashika nyundo, kikamwita tena. Ikawa kazi yake ni kupanda na kushuka, na kuezeka ni kwa kupitia tu.

"Paka," msimamizi wa ujenzi akamwita kutoka chini, "siku hizi umekuwa lifti?"

Mafundi wakacheka mpaka mmoja akaangusha koleo. Paka hakucheka. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia neno juu ya kazi yake.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama mkwe alikuwa akirudi kutoka kliniki na kipimo kizuri, kila safari kizuri kuliko cha mwanzo, na alikuwa na namna yake ya kukitangaza mezani. "Leo muuguzi amenisifu," angesema, akijisogezea chai. "Wewe mwanangu je?" Presha ya Paka ilikuwa imeshuka, ila kwa kusuasua.

Akamfuata muuguzi. "Dada, niambie ukweli. Mimi nimepewa ile mbovu, sivyo?"

"Hata mimi sijui, fundi. Ndiyo maana ya utafiti."

"Sasa nani anajua?"

"Wapo ofisini, mbali huko. Na hawasemi mpaka mwisho."

"Mtu yuko mbali huko anajua kwa nini mimi nakojoa, mimi mwenyewe sijui!"

Muuguzi akajiuma mdomo asicheke. Paka aliondoka amenuna, bila kumweleza habari ya paani. Aliona ni aibu kumweleza mwanamke aliye rika la binti yake.

Jioni ile akajikaza, akamwendea mama mkwe. Akazungusha maneno weee, mwisho akayatema: wabadilishane chupa, wiki moja tu.

Mama mkwe akamtazama kama aliyemkuta akimchungulia dirishani. "Mkwe wangu, kikombe chako tu sinywei. Nimeze dawa yako?" Kisha akavuta miguu yake chini ya kiti, haraka, lakini Paka alikwishaiona. Vifundo vilikuwa vimevimba, viatu havifungiki.

"Mama, hiyo miguu umemwonyesha muuguzi?"

"Ananisifu kipimo. Nianze kumletea habari za miguu?"

Basi Paka akaamua mwenyewe. Siku za kazi hamezi. Atameza siku ya mapumziko. Akajiona mjanja. Siku chache kweli alifanya kazi kama zamani, na msimamizi akaacha utani. Kisha asubuhi moja, akiwa kwenye kilele cha paa la ghala akipigilia kofia za bati za kuziba maungio ya juu, kichwa kikamzunguka. Mabati yakawa kama maji. Akakaa, akakumbatia kilele kwa miguu yote miwili, akashindwa kwenda mbele wala nyuma. Ilibidi msimamizi mwenyewe apande amfunge kamba kiunoni, na mafundi wawili wamteremshe kama gunia. Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi.

Kliniki, mashine ikarudi kulekule juu ilikoanzia. Muuguzi akaitikisa chupa yake. Ilikuwa bado nzito kwa vidonge. Paka akayamwaga yote, ya kibofu, ya ngazi, ya lifti.

"Baba, kwa nini hukusema?" Muuguzi alikuwa amekasirika kweli. "Hayo ndiyo tunayoyatafuta! Kipimo tunakisoma wenyewe kwenye mashine. Hayo mengine utayasema wewe."

Daktari akamruhusu ameze alasiri, akishatoka kazini. Mama mkwe naye, kwa kusukumwa na binti yake, mke wa Paka, akaonyesha miguu, akatolewa kwenye utafiti na kupewa dawa nyingine. Alisononeka wiki nzima kama aliyefukuzwa shule.

Presha ya Paka ikashuka sawasawa. Aliyeteseka sasa ni mkewe, anayerukwa kitandani kila usiku Paka akikimbilia msalani.

Utafiti ulipokwisha, wakaitwa wote ukumbini, hata mama mkwe aliyetolewa. Daktari akasema: katika kushusha presha, aina zote mbili zimelingana. Tofauti ni kero zake. Hii inapeleka watu msalani, ile inavimbisha miguu.

Paka akasimama. "Daktari, muda wote huu, jibu ni kwamba ziko sawa?"

"Ndiyo, fundi. Kwa hiyo sasa tunaweza kumuuliza mtu anafanya kazi gani kabla ya kumpa."

"Mngeniuliza tangu mwanzo!" akasema Paka, na ukumbi mzima ukampigia makofi, naye hakutaka makofi. Akamshika mama mkwe mkono, wakatoka nje, wote wawili wamekunja uso.