Kiwele cha Kidoti

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, nyumbani kwetu upande wa Mufindi, Bibi mzaa baba alikuwa na miiko mingi kuliko kuni. Usikalie kinu. Usifagie jioni. Mingi ilikuwa upuuzi mtupu, na nilimwona mwenyewe akifagia jioni wageni walipotufikia ghafla. Kwa hiyo msidhani nawasimulia habari za mtabiri. Nasimulia mwiko mmoja tu: mwanamke anayenyonyesha hakamui ng'ombe mwenye kiwele kinachoumwa. Ugonjwa wa titi, alisema Bibi, hutafuta titi.

Baba alikuwa mkamuaji kwenye shamba la mzungu. Kule, ng'ombe akivimba kiwele alitiwa dawa ya tyubu, kama ya meno, ila mdomo wake mwembamba uliingia ndani ya chuchu. Mzungu aliagiza tyubu nzima iishie kwa ng'ombe wake. Baba akaona huo ni ufujaji. Akawa anaminya nusu kule, nusu anaileta nyumbani kwa ajili ya Kidoti, ng'ombe wetu pekee wa maziwa.

Mara ya kwanza tulishangilia. Kiwele kilinywea, maziwa yakaacha kutoka na mabonge. Baba akakatisha dawa hapo hapo, tyubu akaichomeka kwenye nyasi za paa.

"Ya nini kumpa aliyekwishapona?" akasema.

Bibi alikuwa anachambua maharage. Hakuinua hata kichwa. "Hujamponya, umemwonjesha. Ugonjwa umeionja dawa yako na bado uko hai. Sasa unaijua."

"Mama, ugonjwa siyo mtu."

"Ungekuwa mtu ningeshautukana."

Kiwele kikavimba tena. Baba akaminya kidogo, kikanywea kidogo. Kikavimba tena, naye akaminya tena. Mvua zilipokwisha, ile dawa kwa Kidoti ilikuwa kama maji ya kunawa. Ndipo mama akajifungua mdogo wangu, Lukelo. Baba alitoka alfajiri kwenda kukamua ng'ombe wa mzungu, na wa kwake akamwachia mzazi.

Bibi akasimama mlangoni. "Mama Semeni, mwache ng'ombe huyo. Bora maziwa yamwozee kiweleni."

"Mama, mimi nimebatizwa," mama akamjibu. "Hiyo miiko niliiacha nje ya kanisa."

"Basi na ugonjwa wenyewe kaubatize."

Mama akacheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka. Akachuchumaa, akakamua, akafuta mikono kwenye nguo aliyojifunga, akamchukua mtoto akamnyonyesha. Chuchu zake zilikuwa zimechanika, kama za wazazi wengi siku za mwanzo. Alifanya hivyo kila asubuhi, na mimi nilimshikia ndama.

Titi la kushoto likaanza kuwa gumu. Kisha likawa jekundu, la moto, ukiweka mkono unautoa. Homa ikampanda hadi akawa ananiita kwa jina la dada yake. Wanaume wakambeba kwa machela mpaka zahanati ya misheni. Hatukuwa na hofu kubwa, maana miaka ile sindano ya penisilini tuliijua: watu walikuja na vidonda vya buba mwili mzima, wakachomwa, wakarudi na ngozi safi. Mganga wa zahanati akamchoma mama. Kesho yake akamchoma tena. Titi likageuka rangi, likawa kama zambarau.

Hapo baba akatoa mfukoni tyubu yake. "Bwana mganga, labda sindano yenu ni nyepesi. Hii ni ya wazungu, ya ng'ombe. Ina nguvu."

Mganga akaisogeza dirishani, akasoma maandishi, akarudia kuyasoma.

"Mzee, ndiyo hii hii ninayomchoma."

"Hii hii?"

"Hii hii. Nyingine sina."

Baba alibaki ameishika, akitafuta pa kuiweka. Mama akafa hapo, mchana kweupe, wenye buba wakiwa wamepanga foleni nje wakingoja zamu zao za kupona.

Siku hizi jambo hilo lina jina, wanaliita usugu wa dawa, na redio inalisema kati ya muziki na matangazo ya sabuni. Lukelo mwenyewe ni mzee sasa, yuko mtaa wa Soweto, Mbeya, anafuga kuku wa kisasa. Nilipomtembelea nilimkuta anakoroga unga wa dawa kwenye maji yao.

"Wanaumwa nini?"

"Hawaumwi, dada. Ndiyo maana nawapa."

Nikamweleza habari ya titi la mama yake, kuanzia mwanzo. Akasikiliza kwa adabu, akasema hizo ni hadithi za Bibi, kisha mkewe akanipakulia paja la kuku. Nikala. Nilikuwa na njaa.

Wako wanaoniambia, mngemsikiliza Bibi. Maneno rahisi hayo. Asubuhi baada ya mazishi Lukelo alikuwa analia hadi sauti imekauka. Majirani wawili walikuwa wananyonyesha, na wote wawili, walipoombwa wamnyonyeshe, walifunika vifua vyao na kuondoka. Mwiko waliujua vilevile. Bibi akaenda zizini mwenyewe. Akakamua zile chuchu za Kidoti zilizoonekana nzima, akachemsha maziwa hadi yakamwagika mekoni, akachemsha tena, akampakata mtoto.

Nikamwuliza, "Bibi, si ulisema ng'ombe huyu ni mbaya?"

"Nilisema," akajibu. "Mshike mtoto kichwa."

Nikamshika. Akapuliza kijiko, akamtia mdomoni. Yote aliyoyajua Bibi kuhusu ugonjwa yalifika mwisho pale kwenye kijiko, kwa sababu mtoto alikuwa na njaa na ng'ombe tulikuwa naye mmoja. Mimi nimesoma, nimezeeka, nimesikiliza redio, na sijafika mbele kuliko yeye.