Springi ya Mume wa Mama Atieno

Wanaoandika kumbukumbu za kazi kwa kawaida wana mvi na pensheni. Mimi sina hata kimoja. Lakini karakana niliyoifanyia kazi pale Kensington, Johannesburg, kuanzia 2008 hadi 2014, siku hizi inauza matairi, na ufundi tulioufanya humo sioni tena wa kuufundisha. Nadhani hiyo inanipa haki ya kuzeeka kidogo katika kurasa hizi.

Siku ya kwanza nilikwenda na shati la mahafali. Nilikuwa na digrii ya uhandisi wa mitambo na nilikuwa nimekataliwa kazi kila mahali. Fundi Mkuu, Mkongo wa Lubumbashi aliyekaa mtaa wa Yeoville hadi akawa raia, hakukitazama cheti changu. Alinipeleka stoo, akanionyesha rafu zilizojaa vifuko vya nguo, kila kimoja kimefungwa kwa uzi na kuandikwa jina la mtu.

"Humu muko vyuma ya kiwanda," alisema kwa Kiswahili cha kwao, ambamo wateja ni bakiliya. "Bakiliya wanaleta vipuri vya kisasa, tunatoa vya zamani, tunaviweka hapa. Usitupe hata kimoja."

"Kwa nini?"

"Juu mwenyewe atarudi."

"Wamesharudi wangapi?"

Alifikiri kidogo. "Bado."

Hivyo ndivyo nilivyopewa cheo changu cha kwanza, mtunza stoo wa vyuma vya watu wasiorudi.

Niwaeleze vijana tulichokuwa tukifanya. Bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe hutumia nguvu ya risasi inayotoka kutupa nje ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Kuna chuma ndani kinachorudi nyuma kwa kishindo, kisha springi inakisukuma mbele. Wateja wetu, wengi wakiwa wawindaji na walenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, walipenda kuibadilisha: mkono mkubwa wa kuvutia, mpira mnene wa begani, springi ngumu zaidi, kitako cha plastiki badala ya mbao. Vipuri hivi havikutoka kwa kiwanda kilichounda bunduki. Viliundwa na watu wengine waliodhani wanajua zaidi, na wakati mwingine walijua kweli.

Mimi niliuliza juu ya kila kimoja. Kinasaidia nini? Nani amepima? Niliwauliza hata wateja, mpaka Fundi Mkuu akaniita pembeni.

"Weye mutoto ya université, unataka kufukuza bakiliya?"

"Nataka kujua tu, Papa."

"Jua kimya-kimya."

Baada ya mwaka mmoja nilipandishwa, nikapewa meza yangu yenye jiliwa, tupa na msasa. Kibali changu cha ukaazi hakikuniruhusu kushika silaha, kwa hiyo karakana iligawanywa na wavu wa chuma. Ndani alikaa Fundi Mkuu na bunduki. Nje nilikaa mimi na mbao, springi na mipira. Katika miaka yote ile sikufyatua risasi hata moja. Masomo ya kusafisha niliyapata kwa kuchungulia kwenye wavu, jinsi ya kukwangua masizi, kufuta, kisha kupaka mafuta membamba sana. "Bunduki haiko samaki ya kukaanga," alikuwa akiwaambia wateja waliozileta zikichuruzika.

Kisha akaja Mama Atieno, Mkenya mwenzangu, mhasibu wa benki, mfupi, mwenye sauti ya kuendesha mikutano. Mumewe alikuwa amefariki. Bunduki yake ilikuwa moja ya zile zilizopambwa kwetu zamani, kabla sijafika. Mama alikuwa ameshapata leseni kwa jina lake na kujiunga na klabu ileile ya mumewe, lakini kila Jumamosi alirudi nyumbani na bega jeusi, na ganda tupu lilinasa kwenye tundu la kutokea karibu kila mara.

"Shemeji zangu wanataka iuzwe," alisema. "Mimi sitaki mtu mwingine aishike. Mkishindwa, naipeleka polisi wakaiyeyushe. Lakini nisingependa."

Fundi Mkuu alihakikisha ni tupu, akahakikisha tena, akamwambia afumbe macho, aiinue begani, kisha afumbue. Nilikuwa nimesimama nyuma ya wavu. Kitako kilikuwa kirefu mno kwake. Shingo ilijinyoosha, shavu likaangukia sehemu ya nyuma kabisa ya mbao, na mkono ulikuwa kama wa mtu anayechukua kitu rafu ya juu.

"Tunakata," alisema Fundi Mkuu.

Mama aliishusha bunduki, akaitazama. Nikaona alichokuwa akikitazama. Kwenye mbao, mbele kidogo ya pale shavu lake lilipofika, vanishi ilikuwa imefutika. Shavu la mumewe lilikuwa limelala pale miaka mingi.

"Mbao ikikatwa hairudi," nikasema kupitia wavu. "Kwa nini tusinunue kitako kifupi cha plastiki, hiki akakiweka nyumbani?"

"Plastiki ni nyepesi," alisema Fundi Mkuu. "Bunduki ikiwa nyepesi inapiga teke zaidi. Hiyo hawakufundisha kule?"

Walikuwa wamenifundisha. Nilikuwa nimeisahau kwa kuionea huruma mbao.

"Kijana," Mama akaniambia, "sitaki kitu cha kuweka nyumbani. Nyumbani kumejaa vya kuweka. Kata."

Fundi Mkuu alikifungua kitako, akakipitisha kwenye kidirisha cha wavu. Mbao si silaha, hiyo ilikuwa kazi yangu. Nilipima, nikapima tena, nikazungusha utepe wa gundi ili msumeno usichane nyuzi, nikakata karibu upana wa vidole vitatu. Mama alisimama palepale hadi nilipomaliza msasa na kufunga mpira laini mwishoni.

Ganda lililonasa lilikuwa swali jingine. Mumewe, mtu mkubwa, alipenda risasi kali, akaweka springi ngumu. Mama kwa ajili ya bega lake alitumia risasi hafifu, nazo hazikuwa na nguvu ya kukirudisha chuma hadi mwisho. Alihitaji springi ya kiwanda.

"Nenda stoo," alisema Fundi Mkuu, bila hata kuinua macho.

Kifuko kilikuwa rafu ya chini, kina jina la marehemu. Nilikitoa, Fundi Mkuu akafunga springi laini iliyokuwa ndani, na ile ngumu ikaingia kifukoni mahali pake.

Mama alifumba macho tena, akainua, akafumbua. Shingo ilitulia. Kitako kilipofupika, kichwa chake kilisogea mbele, na shavu likalala pale vanishi ilipofutika, palepale hasa. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kulenga.

"Ni jiometri tu," nikasema.

"Basi jiometri ibarikiwe," alijibu, bado shavu likiwa kwenye mbao.

Marafiki zangu wa chuoni waliniuliza nawezaje kupenda kazi ya bunduki katika jiji hili, ambako mtu akisikia mlio huinama kwanza. Nilijiuliza hilo kila asubuhi nikisubiri robot ya Kensington, kama wanavyoiita taa ya barabarani huku, igeuke kijani. Nilichopenda ni kutazama kitu kikikubali mwili wa mtu, na mzee yule aliyenikaripia miaka sita bila kunizuia kuuliza.

Mwaka 2014 aliamua kurudi Lubumbashi, na pasipo cheti chake cha ufundi wa bunduki karakana isingeweza kuendelea. Wiki ya mwisho nilipiga simu kwa kila jina lililokuwa stoo. Wengi walisema tupa tu. Mama Atieno alikuja siku ileile, bunduki mkononi ndani ya mfuko wake.

"Ile springi ya Baba Atieno bado iko?"

"Iko, Mama. Unaenda kuiweka nyumbani?"

"Nyumbani? Niwekeeni kwenye bunduki. Nimechoka na risasi za watoto."

Nikakileta kifuko, nikakipitisha kwenye kidirisha. Ilikuwa kazi ya mwisho ya karakana ile. Fundi Mkuu alifungua uzi taratibu, akaitoa springi, akaifuta, kisha akanitazama kupitia wavu.

"Siku ya kwanza uliulizaka wamerudi wangapi."

"Niliuliza, Papa."

"Andika mumoja," alisema, akainamia kazi.