Soko la Nguo Tupu

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni fundi cherehani hapa mjini Tabora, na katika ukoo mzima ndiye pekee anayecheza gemu pamoja nami. Jumapili mchana, mume wangu akiwa Igalula kwenye biashara yake ya karanga, wifi huja kwetu Cheyo na kuvuta kiti karibu na kompyuta. Gemu letu ni la kujitengenezea mtu: unampa sura na kazi, kisha unazunguka naye nchi nzima ukiongea na watu. Wa kwetu ni mwanamke anayeunga mifupa. Kazi hiyo aliichagua wifi.

Jumapili moja tuliongeza modi. Modi hutengenezwa na wachezaji wengine ili kubadilisha gemu, na ipo programu ya kuzipanga. Tulikuwa nazo nyingi, lakini wifi alitaka moja zaidi, inayoleta misafara ya punda kutoka mji hadi mji. Nikaipakua, nikaiweka, tukafungua gemu.

Sokoni hapakuwa na watu. Zilikuwepo nguo. Joho lilikuwa linapima chumvi. Gauni la njano likatusogelea, likatuuliza habari za safari.

"Wifi, hawa watu wamekwenda wapi?" akaniuliza.

"Sijui, wifi. Programu inasema kila kitu kiko sawa."

Nilidhani atacheka. Akavaa miwani. "Zungusha nione mgongoni."

Nikazungusha. Ndani ya kola tuliona upande wa pili wa kitambaa, na nyuma yake ukuta wa soko. Nilitaka kujua sababu kiasi kwamba mihogo niliyobandika jikoni iliungua na sikujali.

Nikazima modi ya misafara, kwa kuwa ndiyo ngeni. Watu wakarudi. Nikasema basi, tuifute. Wifi akakataa. "Iwashe peke yake. Zima nyingine zote."

Watu walikuwepo, na punda pia. Kumbe peke yake haikuwa na tatizo! Tukaiacha ikiwaka, tukaanza kuwasha nusu ya zile za zamani, kisha tukachungulia soko. Nusu moja, watu wapo. Nusu nyingine, nguo tupu. Hiyo tukaigawa tena na tena, hadi ikabaki modi inayobadilisha maumbo ya miili.

Nikasoma maelezo ya watengenezaji. Zote mbili ziligusa miili, na gemu hufuata ile inayosomwa mwisho. Ya misafara, ikiwa mwisho, ilikuwa inatafuta miili ambayo mwenzake alishaiondoa. Nikaishika ya maumbo kwa kipanya, nikaishusha hadi mwisho wa orodha.

"Fungua taratibu," wifi akasema, kama vile kuna mtu amelala humo ndani.

Soko lilikuwa limejaa. Mwenye gauni la njano alikuwa na uso mpana na kovu kidevuni. Wifi akamwitikia salamu kwa sauti. Kisha punda wakaingia langoni, na nyuma yao kiongozi wa msafara, mwanamume wa ndevu nyingi, amevaa blauzi ya maua.

"Hapo bado kuna kosa," nikasema, nikanyoosha mkono nizime.

Wifi akanishika. Alikuwa anakagua mabega ya yule bwana.

"Subiri, wifi. Mbona imemkaa vizuri? Hebu tumfuate, tuone anaelekea wapi."