Matope ya Lori Dogo

Gundi ya plastiki ina harufu inayokwaruza koo, na mwaka nilipokuwa darasa la saba harufu hiyo ilichanganyika na ya githeri, mahindi na maharagwe, katika sebule yetu ya Uthiru. Ilikuwa Agosti, mwezi ambao ukungu hukawia kuondoka hadi saa nne asubuhi, na shule zilikuwa zimefungwa. Baba alikuwa mchora ramani katika ofisi moja mjini, mtu wa rula na penseli zilizochongwa vizuri, na raha yake kubwa ilikuwa kuunganisha magari madogo ya kijeshi ya plastiki. Makasha yenye vipande aliyapata kwa mama mmoja muuza mitumba wa Ngara, aliyekuwa ameyanunua pamoja na vyombo vya familia ya kigeni iliyokuwa ikihama. Kila Jumamosi Baba alitandaza gazeti mezani, akaunganisha kwa subira, akapaka rangi ya kijani isiyong'aa, kisha akaweka brashi chini. Gari lake lilikuwa safi mno, kana kwamba halijawahi kukanyaga barabara.

Kuyachafua magari hayo ndiko kulikokuwa kazi yangu. Anti Wairimu, dada yake Mama, alifanya kazi ya nyumba kwa familia moja ya Kileleshwa, na binti wa nyumba hiyo alipokwenda kusoma ng'ambo alimwachia seti ya kalamu za rangi za maji, zenye ncha laini kama brashi. Anti akaniletea mimi. Niligundua kwamba nikichora kistari cha kahawia chini ya mlango wa gari, kisha nikakigusa kwa brashi yenye maji, rangi huteremka na kufifia, na mtu angeapa kwamba mvua imepita hapo. Rangi ya udongo mwekundu ilikuwa kutu, ya kijivu ikawa vumbi, nyeusi ikawa mafuta karibu na injini. Ukikosea, kitambaa chenye maji hufuta kila kitu. Baba alipoona mara ya kwanza alivaa miwani, akalizungusha gari mkononi, akasema, "Hili umelizeesha kabisa, Nyambura." Tangu siku hiyo kazi hiyo tukaiita kuzeesha.

Mwaka huo Baba na wenzake wachache waliokuwa na uraibu huohuo walipewa ukumbi wa kanisa kule Kileleshwa waonyeshe kazi zao, Jumamosi ya mwisho ya likizo. Baba alichagua lori la zamani la wanajeshi, lenye pua ndefu na turubai nyuma. "Hili ni letu sisi wawili," akaniambia. "Jina lako litaandikwa kando ya langu, kwa hivyo usiharakishe." Nililala na maneno hayo siku kadhaa. Sikuwahi kuona jina langu limeandikwa popote ila kwenye madaftari ya shule.

Wiki hiyo Cucu, mama yake Baba, ambaye mimi nina jina lake, aliletwa kwetu kutoka shambani ili atibiwe goti. Alikaa karibu na dirisha, mguu juu ya stuli, akifuma sweta bila kusema mengi. Siku ya Jumanne alasiri nilikuwa nikipaka matope mlangoni mwa lori alipoacha kufuma, akanyoosha mkono. Alizungumza Kikuyu, kama alivyozungumza nasi siku zote. "Nipe hilo." Nilimpa nikitarajia kuambiwa kwamba msichana wa miaka kumi na miwili ana kazi nyingine za kufanya. Alilishika kwa mikono miwili, akalitazama muda mrefu.

"Umekosea," akasema. "Matope hayakai mlangoni hivyo. Yanajaa hapa chini, kwenye madigadi ya magurudumu, na yakikauka kingo zake zinakuwa nyeupe. Na hapa nyuma, juu ya ukingo huu, hakuna matope hata kidogo. Rangi imekwisha. Panang'aa."

"Kwa nini panang'aa, Cucu?"

"Mikono. Watu hushika hapo wakipandishwa."

Nilifuta, nikaanza upya. Kwa siku tatu alinielekeza kwa ncha ya sindano yake ya kufumia: mnyororo wa mlango wa nyuma ukining'inia huchora nusu duara kwenye bati, maji yakimwagwa ndani hutokea kwenye kona hii, siyo ile. Sikujiuliza amejuaje. Nilikuwa na furaha isiyo kifani, kwa sababu lori lile lilikuwa likigeuka kuwa lori la kweli mbele ya macho yangu.

Alhamisi Baba alirudi kabla jua halijazama. Hata koti hakuvua. Alilibeba lori hadi dirishani, akapitisha kidole hewani juu ya ule ukingo unaong'aa bila kuugusa. "Hii alama ya mnyororo umefundishwa na nani?"

"Cucu."

Baba akacheka. "Mama, wewe na malori wapi na wapi?"

Cucu alimaliza safu ya sweta yake. "Niliyaosha," akasema.

Alisema kwa sauti ileile ya kuomba chai. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, akatueleza, alipokuwa na miaka kumi na mitatu, watu wao walihamishiwa kijiji kilichozungushiwa mtaro na miti iliyochongwa ncha. Asubuhi askari walichagua wasichana na kuwapeleka mtoni kuosha malori kwa magunia na mchanga. "Mara nyingi yalikuwa matope. Siku nyingine hayakuwa matope, na tuliosha vilevile. Asubuhi moja nilikuwa nyuma, nasugua chini ya benchi, nikakuta kiatu cha akala, cha mpira wa tairi, kimoja. Kamba yake ilikuwa imekatika ikaungwa kwa waya wa shaba. Niliiunga mimi mwenyewe, wiki hiyohiyo. Kilikuwa kiatu cha Kamau."

Kamau ni jina la Baba. Alipewa kwa heshima ya kaka yake Cucu ambaye, kama tulivyojua sote, alikwenda Tanganyika kutafuta kazi akapotelea huko. Mama alitoka jikoni, mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Baba alikaa chini polepole kama mtu asiye na hakika kiti kipo.

"Askari alikuwa amenisimamia," Cucu akaendelea. "Nikakiacha kiende na maji. Nikaendelea kuosha."

"Na Tanganyika?" Baba aliuliza. Sikuwahi kumsikia na sauti ndogo hivyo.

"Tanganyika niliitunga mimi. Jioni mama yangu aliniuliza kama nimesikia habari zake. Nikamwambia watu wa mtoni wanasema ametoroka, amevuka mpaka. Alifurahi, Kamau. Alifurahi hadi akaimba. Ningemwambia nini baada ya hapo?"

Mama yake Cucu alikufa akiwa bado anatuma salamu kwa kila msafiri wa Arusha. Niliyatazama yale matope niliyoyapaka kwa siku tatu, ile kona ya maji, ule ukingo wa mikono niliojivunia, nikanyakua kitambaa nikakichovya kwenye kikombe cha maji ili nifute vyote.

"Usilioshe," Cucu akasema. "Nimeosha ya kutosha."

Baba alikuwa ameinama, mikono kichwani. "Miaka yote hii, Mama. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikupa jina lake. Hilo ndilo nililoweza."

Jumamosi tulilipeleka lori Kileleshwa kama lilivyokuwa. Bwana mmoja mwenye tai aliinama, akausifu ukingo wa nyuma, akauliza tumeutoa kwenye picha gani. Baba akatoka nje. Nilijibu mimi: "Si picha. Ni cucu wangu." Bwana yule alicheka, akidhani ni utani wa mtoto. Baba hakuunganisha gari jingine tena, nami sikumwomba.

Siku hizi mtoto akitaka kujifunza kuzeesha gari hutazama video kwenye simu, na dakika chache baadaye ana kutu safi kabisa. Mwaka jana tulimzika Cucu. Niliombwa kuandika wasifu wa marehemu, na shangazi zangu wakaniletea karatasi yenye orodha ya ndugu zake: Kamau, aliyepotelea Tanganyika. Baba aliufuta mstari huo kwa kalamu yake, akaandika mwingine, na katika kanisa la kule shambani akausoma yeye mwenyewe, hadi kwenye kiatu, hadi kwenye uongo wa msichana aliyetaka mama yake alale. Watu waliguna. Shangazi mmoja akaniangalia kana kwamba nimemvua marehemu nguo. Kisha bibi kizee mmoja katika safu ya pili alijiinua kwa mkongojo wake, akasema kwa sauti iliyofika mlangoni, "Mimi pia niliosha." Akabaki amesimama. Nyuma yake akainuka mwingine, kisha mwingine. Wasichana wa mtoni. Tulikuwa tumesali nao maisha yetu yote, kila tulipokwenda shambani, tukiwasalimia na kuwauliza habari za magoti yao.